Mkono Uliomnyoa Zabibu

Baada ya miaka ishirini na nane na miezi minne ya kazi, Mzee Msellem Ame Duni, mlezi na mnyoaji wa farasi katika mazizi ya Bi Badriya hapa Kiuyu, anastaafu leo, tarehe 30 Septemba 2025. Aliajiriwa kuchunga punda wanane. Punda hao wote walitangulia kustaafu, na hakuna hata mmoja aliyefanyiwa sherehe.

Jina lake lakini halikupata umaarufu kwa punda. Lilipata umaarufu kwa Zabibu, farasi jike wa rangi ya kahawia aliyeshushwa bandarini Wesha mwezi wa Julai 2006. Alitoka milimani Afrika Kusini, ambako mwezi huo ni wa baridi kali, na manyoya ya baridi hiyo alikuja nayo yote mwilini. Mpagazi mmoja aliuliza kama huyo ni farasi au zulia lililooteshwa miguu.

Bi Badriya alimnunua kwa ajili ya wageni wanaopenda kupanda farasi, na kwa mabwana harusi wanaotaka angalau siku moja kuwa juu ya wakwe zao. Msimu wao huanza kipupwe kikikatika. Tatizo ni kwamba Zabibu akitembezwa robo saa tu, jasho lilikuwa halimkauki mpaka alasiri. Mzee Msellem akamwambia Bi Badriya kuwa mnyama huyu amevaa makoti matatu, na mtu haalikwi harusini kabla hajavuliwa koti.

Mashine ya kunyolea hatukuwa nayo. Akapanda baiskeli hadi Chake Chake, kwa kinyozi Hudhaifa, akaazima mashine kwa siku moja. Alimweleza kuwa ni kwa ajili ya jamaa mmoja mwenye nywele nyingi ambaye hawezi kufika mwenyewe. Mpaka leo anashikilia kuwa hakusema uongo. Mashine ilirudi ikinuka zizi, na ndani yake mna nywele za kahawia ambazo hakuna kichwa Chake Chake nzima kingeweza kuziota. Kwa mwezi mzima wateja wa Hudhaifa, kabla ya kukaa kitini, walikuwa wanamuuliza leo zamu ya shingo au ya mkia. Wawili hao walipatana baadaye, na Hudhaifa ndiye aliyetunolea meno ya mashine yetu wenyewe miaka yote iliyofuata. Yupo nasi leo, safu ya tatu. Tunaomba asiigiziwe mlio wa farasi.

Tulidhani kazi ile ni ya mara moja. Kumbe mwili wa Zabibu haukupata habari kwamba umehama. Kila mwaka baridi ya kwao ikifika, manyoya yalirudi, mazito, na sisi huku tunajipepea. Bi Badriya hakushangaa. Ukoo wake uliondoka Oman kabla bibi wa bibi yake hajazaliwa, na bado nyumbani kwake wanasikiliza habari za hali ya hewa ya Maskati.

Kwa hiyo kila mwisho wa kipupwe Mzee Msellem alinyoa, na namna yake ilikuwa moja. Alfajiri alikohoa mara mbili langoni, na Zabibu akageuza masikio. Aliiwasha mashine mbali, aizoee sauti. Kisha aliizima akamwekea begani, ikiwa baridi na kimya, kama mtu anayemtambulisha mgeni. Ndipo alipoanza. Mgongoni aliacha manyoya kwa umbo la tandiko, ili ngozi isichubuke. Na kila baada ya dakika chache alisimama, akayaweka meno ya mashine upande wa ndani wa kifundo cha mkono wake, maana meno hupata moto yakifanya kazi. Alitufundisha sote hivyo: yakinichoma mie, yanamchoma na yeye, na yeye hana wa kumwambia.

Sasa tunafika pahala ambapo wasifu wa namna hii kwa kawaida huparuka.

Mwaka jana, mwezi wa Septemba, Mzee Msellem aliweka meno mkononi kama desturi, akaona sawa, akaendelea. Zabibu alitikisa ngozi mara moja tu, halafu akatulia. Kwa miaka kumi na minane hakuwahi kuumizwa na mkono ule, kwa hiyo aliuamini mkono kuliko ngozi yake. Moza, mwenzetu aliyekuwa analeta maji, ndiye aliyesikia harufu. Ubavuni mlikuwa mmeungua, upana wa kiganja. Mzee Msellem akazima mashine, akatazama kifundo chake. Nacho kilikuwa kimeungua. Hakuwa amehisi kitu.

Alikaa juu ya ndoo mpaka adhuhuri. Jioni alimwendea Bi Badriya, akamwambia jambo alilokuwa amelificha miezi saba: sukari imemtia ganzi mikononi, na hospitali walishamwambia. Alinyamaza kwa sababu alijua akisema, atanyang'anywa mashine. Akaomba kustaafu. Bi Badriya hakumkubalia mwaka huo, akamjibu, Mzee, hayo ni manyoya tu, yataota. Kweli yaliota. Yameota meupe.

Rasimu ya kwanza ya karatasi hii ilikuwa na habari hiyo. Bi Badriya, kwa heshima, akaikata kwa kalamu nyekundu. Mzee Msellem alipopata habari alikuja hadi stoo tulikokuwa tunaandika, akasimama mlangoni, akasema kwa upole, "Kama hilo halimo, basi huyo mnayemuaga si mie. Mtafuteni yeye aje akae kwenye kiti." Imerudishwa.

Mwaka huu mashine ameishika Moza. Siku tatu Zabibu alikataa, akisikia tu mlio anarudi ukutani anatetemeka. Siku ya nne tukasikia kikohozi langoni, mara mbili. Mzee Msellem aliingia, akaweka kiganja shingoni mwa farasi, akakitazama kidogo, akakiondoa. Kiganja hakimpi habari tena. Akaweka shavu. Zabibu akashusha kichwa.

Wakanyoa hivyo, asubuhi nzima. Moza akiyapima meno mkononi mwake anasema, "Baridi, Mzee," naye anajibu, "Haya, mwanangu." Kufika kwenye manyoya meupe, Moza alinyamaza. Mzee Msellem, amefumba macho, akauliza kama amefika pale. Moza akasema ndiyo. Akamwambia, "Pima mara mbili, kisha nyoa. Usiparuke." Hakuondoa shavu mpaka mlio ulipopita.

Zabibu ana miaka ishirini na tatu. Harusi hapelekwi tena, na wageni anaowabeba ni watoto wepesi tu. Wanaojua mambo ya farasi wanasema amebakiwa na vipupwe viwili, pengine vitatu. Mzee Msellem anaijua hesabu hiyo kuliko sisi, ndiyo sababu hatujawahi kuisema mbele yake mpaka leo.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa kila alfajiri uliyotutangulia. Salamu kwa Bi Khairat, ambaye kwa miaka yote hii alifua nguo zenye manyoya yasiyo ya mumewe. Mungu akupe afya, dawa zisikose, na siku zako za nyumbani ziwe njema na ndefu.

Kipupwe kijacho kikikatika, njoo. Kazi yako tumeipokea, lakini shavu hatuna jengine. Ukifika langoni kohoa mara mbili, ajue.