Kadibodi za Mwalimu Wilhelmina

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mwalimu Wilhelmina Bujiku anastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Stadi Nyota ya Pamba, hapa Bariadi, kwa miaka thelathini na mitatu. Niliombwa niandike wasifu wake kwa ufupi, uwe wa furaha, na nisigusie mambo ya kadibodi. Furaha nitajitahidi. Kuhusu kadibodi, mgeni mwalikwa, hebu kitazame hicho kijitabu ulichopewa mlangoni. Ni kikubwa kama sinia, jalada lake limekatwa kwenye boksi la sabuni au la mafuta ya kula, na lina matundu matatu. Hatukuishiwa karatasi. Soma hadi mwisho utaelewa.

Mimi ni Violeth, mwalimu wa ushonaji. Chumba changu na chumba namba tatu, alikokuwa akifundishia yeye, vinagawana ukuta mmoja mwembamba, kwa hiyo kazi yake naijua kwa masikio. Nimemlalamikia kelele mara nyingi na sijutii hata mara moja.

Alianza akifundisha upigaji chapa. Siku hizo alikuwa akifunika vitufe vya taipureta kwa kitambaa ili mwanafunzi ajifunze kwa vidole, asitafute herufi kwa macho kama kuku anayetafuta punje. Taipureta zikaondoka, kompyuta zikaja, naye akazifundisha. Miaka sita iliyopita kituo kilipopata intaneti ya maana, kikafungua darasa la kutengeneza muziki kwa programu ya mtandaoni, ile unayoifungua na kuanza kazi bila kuweka kitu chochote kwenye kompyuta. Walimu wote walilikwepa darasa hilo. Akapewa yeye, mtu ambaye kwaya ya parokia ilimwomba kwa upole sana ahamie kwenye kamati ya mapambo. Mwalimu Wilhelmina hawezi kuimba. Analijua hilo na hulisema mwenyewe kwa majivuno, kana kwamba ni cheo.

Programu yenyewe ilikuwa balaa. Ukiifungua inakumwagia vitufe vya kila rangi, mistari, namba na vidirisha vya Kiingereza vinavyorukaruka kukuelekeza mambo ambayo hujayauliza. Waliokuja kujifunza walikuwa wakulima wa pamba, wanakwaya, vijana wa bodaboda na akina mama wa vikundi. Wiki ya pili nusu yao walikuwa wametoweka. Ofisini maelezo yalikuwa mepesi: watu wa huku hawana kichwa cha teknolojia. Niliyasikia kwa masikio yangu, nikiwa nakunywa chai ya ofisi hiyohiyo. Mtu analeta nyimbo arobaini kichwani kutoka kwao, unamwambia hana kichwa.

Kisha akaja Sayi. Wengi mnamfahamu, ni manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, wa kikundi cha ngoma cha Lalago, mtu mzima mwenye ng'ombe zake na shamba lake. Alikaa kwenye kompyuta, akaimba vizuri kabisa, na programu haikurekodi hata punje ya sauti. Akahamishiwa kompyuta nyingine, ikawa vilevile. Ndani ya siku chache chumba kizima kilikuwa bubu. Aliitwa fundi kutoka Mwanza, akabadilisha maiki zote, akala wali wetu, akaondoka. Ukimya ukaendelea.

Ni Mwalimu Wilhelmina aliyekaa kando ya Sayi na kumwomba aanze upya polepole, kwenye kompyuta iliyoletwa kutoka ofisini. Programu ilipofunguka, kikatokea kidirisha kinachoomba ruhusa ya kutumia maiki. Kijana mmoja alikuwa amemtafsiria Sayi kwamba kompyuta inaomba kuchukua sauti yake. Sayi ni mstaarabu, alikuwa amekataa kwa heshima kwenye kila kompyuta aliyokalishwa, kwa sababu kila moja ilimwomba, na kompyuta ikishakataliwa haiulizi tena, hata akikaa mtu mwingine.

"Mayu, hiki kitu kinataka sauti yangu, na hakijasema ni cha kwa nani," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mashindano bado. Wapinzani wangu wakiubeba huu wimbo nitacheza nini mimi?"

Darasa zima lilicheka, na hapo ndipo nilipomsikia Mwalimu Wilhelmina kupitia ukutani, mkasi ukiwa mkononi mwangu. "Huyu ndiye peke yake aliyesikiliza swali kabla ya kujibu. Ninyi wengine mnabonyeza ndiyo kama mnafukuza nzi. Na hiyo programu nayo, mgeni gani anaomba kitu kabla ya kusalimia?"

Tangu siku ile somo la kwanza likaitwa kusalimiana. Hakuna aliyegusa kitufe. Walianza na mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kisha akawaeleza kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma kwa aliyehitaji, programu hii imetoka wapi, inaomba nini, sauti yako inakwenda kukaa wapi, nani anaweza kuisikia na unaifutaje ukibadili mawazo. Ndipo unachagua mwenyewe. Sayi alisikiliza yote, akauliza maswali mengi ya kukera, mwisho akatoa ruhusa.

Somo la pili ndilo lililoleta kadibodi. Aliikumbuka taipureta na kitambaa chake. Akakata maboksi ya dukani kwa kipimo cha kioo cha kompyuta, akatoboa matundu matatu: la kurekodi, la kusikiliza, na la kurudisha nyuma ulichokosea. Vitufe vingine vyote vikafunikwa. Ukishavizoea hivyo vitatu, hata ukikosea huogopi, anakuja na wembe wake anakutobolea tundu la nne, labda la midundo. Kila mwanafunzi alikuwa na kadibodi yake yenye jina lake, na waliotangulia walitembea na zao kwapani wakijisikia, kwa sababu zilikuwa na matundu mengi.

Na mitihani? Hakutoa mtihani. Aliweka kompyuta mbili kwenye pembe mbili za chumba, nyimbo mbili zikapigwa kwa wakati mmoja, na watu wakaachwa waende wanakovutwa, kama inavyofanyika uwanjani vikundi viwili vya ngoma vinapopambana. Pembe iliyobaki tupu ilirudi kurekebisha kazi yake. Mara moja alileta wimbo alioutengeneza na kuuimba yeye mwenyewe, na chumba kizima kikahamia pembe ya pili, akiwemo mumewe aliyekuja kumletea chakula. Alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilikuwa upande wangu wa ukuta nikishona pindo la gauni la harusi lililokwenda upogo kwa sababu yake.

Leo nyimbo za kikundi cha Sayi ziko kwenye simu za watu kuanzia Lalago hadi Kalemela, na kila mlio umepangwa na Sayi kwa mkono wake. Bi Nancy, aliyekuja hapa bila kujua kushika kipanya, anarekodi kwaya tatu kule Lagangabilili. Hao ndio watu wasio na kichwa.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sasa sikieni alivyotunzwa huyu. Mwezi wa tatu kituo kilitarajia wageni. Mratibu wetu wa mafunzo, Bwana Novatus, aliingia chumba namba tatu, akatazama kompyuta zimevaa maboksi ya sabuni, akauliza wageni watatuonaje. Kadibodi zote zilikusanywa, na majina ya watu juu yake, zikachomwa nyuma ya choo. Wageni wakapigwa picha na vioo vinavyong'aa. Wiki iliyofuata likabandikwa tangazo kwamba Mwalimu Wilhelmina akiondoka, wanaoanza watajifunza wenyewe kwa video za mtandaoni, na chumba kitapokea waliomaliza kidato cha nne tu. Maana yake Sayi wa leo akifika mlangoni anarudishwa.

Bwana Novatus si mtu mbaya, na leo kavaa vizuri. Lakini mimi mwanafunzi mpya wa cherehani humpa karatasi tupu ashone bila uzi, mpaka mguu na mkono vielewane. Hakuna aliyewahi kuja kuniuliza wageni watatuonaje. Kwa nini ya kwangu iwe ualimu na ya kwake iwe aibu? Nimekasirika, na nimeandika nikiwa nimekasirika, na anayetaka wasifu mpole amtafute mwandishi mwingine.

Yeye mwenyewe hakugombana na mtu. Tulipomuuliza anataka zawadi gani, tukidhani atataja godoro au makochi, alisema hataki kitu cha kukalia. Anataka wanaoanza wasifungiwe mlango. Basi sisi wafanyakazi tulipita maduka ya soko la Bariadi tukiomba maboksi, tukayakata kwa kipimo, tukatoboa matundu matatu. Ndiyo hayo mliyoyashika.

Jumatatu saa tatu asubuhi darasa la wanaoanza linafunguliwa. Sayi atatoka Lalago kufundisha somo la kusalimiana. Uongozi ukikifunga chumba namba tatu, chumba cha ushonaji kina umeme na nimeshasogeza cherehani upande mmoja. Mimi, niliyelalamikia kelele miaka yote, nasema waje wapige.

Wabeja, mayu, asante sana. Tunakuombea afya, mvua ya wakati kwenye mpunga wako, na usingizi usiokatizwa na midundo ya mtu. Ukichoka kupumzika, njia unaijua.

Wageni waalikwa, mkimaliza kula, kurasa za ndani nendeni nazo nyumbani mkasome tena. Majalada tunaomba myaache mezani pale mlangoni, Jumatatu yana kazi kwenye kompyuta. Bwana Novatus, na la kwako pia.