Aliyeomba Radhi kwa Kutoa Rambirambi

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tatu wa fundi bomba na mshona nguo. Sekondari alisoma bweni, na huko ndiye aliyewaandikia wenzake barua za kumwomba radhi mwalimu mkuu. Hakuna aliyefukuzwa.

Mwaka 1989 aliajiriwa na kiwanda cha sabuni kama afisa uhusiano. Wenzake walimwita Rasimu, kwa kuwa hakutoa tangazo lolote kabla ya kumsomea mama mpika chai wa ofisini. Mama akikunja uso, karatasi inarudi mezani. Tarehe 14 Desemba 1991 alimuoa muuguzi, wifi yetu huyu, wakajaliwa kijana na binti.

Halafu siasa ikatugawa, na msijifanye hamjui. Kiwandani watu walianza kula meza mbalimbali. Nyumbani kwake kijana alishika upande huu, binti upande ule. Baada ya uchaguzi wa 2022, wafanyakazi wawili waliuawa kwenye vurugu siku moja: dereva wa upande huu, fundi mitambo wa upande ule. Kaka aliandika rambirambi moja yenye majina mawili, akaanza na mkubwa kwa umri. Hawa wakauliza kwa nini marehemu wao amechanganywa na wauaji wake. Wale wakauliza kwa nini wa kwao amewekwa chini. Ndani ya wiki moja maduka ya pande zote mbili yakarudisha sabuni, na mkurugenzi akamwagiza aandike taarifa ya kuomba radhi.

Aliandika, akamsomea mama mpika chai kama kawaida yake. Mama aliweka birika chini.

"Baba, hapa tunamwomba nani radhi? Tumekosa nini, kuwalilia?"

Kaka alitia sahihi hivyo hivyo. Mwezi uliofuata wakamstaafisha.

Tangu hapo hakuandika tena, hata orodha ya vitu vya sokoni. Shinikizo la damu lilimpanda, na Mei 2023 akapooza upande wa kulia. Wodini wanawe walipokezana, mmoja asubuhi na mwingine jioni, ili wasikutane. Tuliwasihi mpaka sauti zikatukauka. Jioni ya tarehe 2 Juni aliuliza kwa taabu, "Wote wako?"

"Niko mimi, baba," binti akamjibu.

"Wote?"

Alikata roho saa kumi na moja na nusu jioni hiyo hiyo.

Ameacha mjane, sisi dada zake wawili, mtoto wa kiume na mtoto wa kike. Watoto tumewataja kwa umri, na asiulize mtu. Kiwanda hakijatuma salamu. Tumeambiwa bado wanajadili maneno.

Kaka, leo wote wako. Ila mmoja ameomba kusimama upande wa kichwani pa kaburi, mwingine miguuni, na kuwasogeza kumetushinda. Tusamehe, upumzike kwa amani.