Treni ya Asubuhi, Kamanyola

Mwaka 1999, vita vikiendelea, taksi-bisi yetu kutoka Bukavu ilikuwa inaingia Kamanyola. Mbele yangu mzee Ntakwinja alimwonyesha jirani yake ukuta ulioota nyasi.

"Maman, pale ilikuwa gare. Nikiwa mutoto tulipandaka treni pale kwenda Uvira. Kisha Wabeleji waling'oa reli zote."

Mama huyo, Nsimire, hakugeuka kutazama. "Papa, ile gare naijua. Tulipokimbia vita ya nonante-six, sasa miaka tatu, tulilala mule, mimi na dada yangu Bintu. Asubuhi, mu ukungu, tukasikia treni. Bintu akaniambia, 'Simama, imefika.' Akatoka na watu wengine. Miye miguu ilikataa. Mpaka leo hajarudia."

"Ilikuwa camion ya basoda, lori ya jeshi."

"Camion ndiyo inapiga filimbi vile?"

Mzee alijikuna kidevu. Mimi nilijifanya nasinzia, na sidhani kama nilimdanganya mtu.

"Ilitokea upande gani?" aliuliza.

"Upande wa Uvira."

"Zamani, treni ya asubuhi ilikuwa inatokea kule," alisema, kwa sauti ya mtu aliyejuta kuuliza.

Gari likasimama, dereva akatangaza kwamba safari imeishia hapo. Nsimire alishuka, akakaza kitenge, akatembea kuelekea gare kama mtu anayewahi treni. Mzee hakuinuka.