Miaka Thelathini na Mmoja ya Kuwazuia Watu Kupumua: Marjatta Wiik Anastaafu

Tarehe 27 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja, Marjatta Wiik atazima mashine ya CT, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, ya Hospitali ya Kivela Bay kwa mara ya mwisho. Kwa hesabu yake mwenyewe, amewaamuru watu elfu sabini wasipumue. Wote waliruhusiwa kupumua tena.

Alianza mwaka 1994, mashine ilipokuwa na kelele kama gari la kuondoa theluji. Sauti ya Marjatta iliishinda. Akisema "Vuta pumzi, shikilia!", korido nzima ilishikilia. Gordie wa usafi aliwahi kushikilia mpaka akaketi ndani ya ndoo yake.

Februari mwaka jana Thelma Bruyère, mpishi wetu, alianza kusimama mara mbili kupumzika kati ya jiko na kaunta. Kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti kilionyesha vali ya aota, mlango wa damu inayotoka moyoni, imebana, ila hakikueleza wazi imebana kiasi gani. Marjatta akampima kwa CT kalsiamu iliyoganda kwenye vali. Alama: 1,460.

Dokta Pelletier, mgeni wa wiki tatu, aliandika: ufinyu wa wastani, arudi baada ya mwaka.

Marjatta aliacha kahawa yake ikiwa moto, jambo lisilo la kawaida, akamfuata kantini.

"Dokta, mgonjwa wako ni mwanamume?"

"Ni Thelma, dada. Si yule pale?"

"Sasa mbona umempimia kwa alama za wanaume? Kikomo cha elfu mbili ni chenu. Sisi, elfu moja na mia mbili tu tayari ni hatari."

"Kumbe!" Thelma aliita kutoka kaunta. "Nisubiri mwaka mzima kwa sababu mmenipa ndevu?"

Ripoti ilisahihishwa kabla supu haijapoa. Baada ya wiki saba Thelma alikuwa na vali mpya. Ameruhusu haya yaandikwe, mradi isemwe kwamba supu ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri.

Siku hizi namba hizo mbili zimebandikwa juu ya meza ya kusomea picha. Aliyezibandika ni Dokta Pelletier.

Kwenye hafla ya kumuaga Marjatta, Thelma ataleta mkate wa iliki aliofundishwa kuoka na Marjatta. Ataubeba mwenyewe kutoka jikoni, bila kusimama njiani.

Asante, Marjatta. Tunakuombea sauna yenye moto, ziwa tulivu na miaka mingi ya kuvifurahia. Sasa na wewe, pumua.