Ukuta wa Kuotea Jua

Fungeni mlango, wanangu, mwanga wa asubuhi unaniumiza macho, halafu sogeeni karibu, maana leo sina sauti ya kupayuka. Aroni, kaa upande huu wa sikio zima, hili lingine limeshaliwa. Anjela, najua umechoka na safari ya kutoka Iyunga huko Mbeya, ila usisinzie kwanza, mama yako akimaliza utalala mpaka uchoke. Pendo mkwe wangu, acha hivyo vyombo, hamna atakayeviiba. Na mjukuu wangu Happy yuko wapi? Amelala? Basi mwacheni alale, baridi ya leo ni kali. Haya ninayotaka kusema ni yake zaidi kuliko yenu, lakini mtakaoyatenda ni ninyi.

Padri ameshanipaka mafuta, nimeshaungama, kwa Mungu sina neno tena. Lililobaki ni letu humu ndani.

Nisikilizeni. Mlizaliwa mkanikuta hivi nilivyo, mweupe, macho hayaoni mbali, na hamkuwahi kunionea aibu hata mbele ya wenzenu wa shule, na kwa hilo nawashukuru kutoka moyoni. Wengine waliniita zeruzeru mpaka siku ya harusi. Baba yenu mdogo Vitus alisimama mbele ya wazee akasema kaka yake anaoa mkosi, na tangu siku hiyo sijala naye sahani moja. Mwambieni nimemsamehe. Lakini mwambieni pia kwamba kaka yake alikufa amenishika mkono, na huo mkosi hakuwahi kuuona.

Najua huko nje wanasema nimerogwa. Nawakataza, wanangu, msimtafute mchawi juu ya kaburi langu, msigombane na jirani yeyote. Hii ni kansa ya ngozi, na iliyonipa ni jua, na jua lenyewe nilipewa kwa upendo, ndiyo maana linaniuma kulisema.

Ule ukuta wa jikoni unaotazama mashariki, unaofika mpaka chumba hiki nilicholala, mnaujua, na lile benchi la gogo chini yake. Huku kwetu Kilolo, mwezi wa sita na wa saba, barafu ikilala majanini, nani haendi kuota jua asubuhi? Bibi yangu alinipakata palepale, akanigeuza uso ulielekee jua kwa sababu mashavu yangu yalikuwa ya baridi, akanisugua mikono, akaniimbia. Hakukuwa na mtoto aliyependwa kuliko mimi. Sisi sote tulidhani jua baya ni lile la Pwani, la kumtoa mtu jasho, na hili letu linalokuja na upepo na ukungu tukaliona dawa. Kumbe, daktari alinieleza, kuungua hakungoji joto. Jua linachoma hata wewe unatetemeka, linapenya hata mawingu, na huku juu milimani ndiko linakozidi makali. Ninyi mna rangi ndani ya ngozi inayowakinga. Mimi na Happy tulizaliwa bila hiyo. Kwa hiyo tangu magotini kwa bibi, ngozi yangu ilikuwa inaharibika kidogo kidogo, na tukitoka benchini tunashuka kwenye vinyungu, vile vishamba vya bondeni, nainama kwenye mboga na maharage mpaka jioni, shingo iko wazi, kichwani kitambaa tu kisichofunika hata sikio.

Kikaja kile kidonda hapa shavuni, kidogo kama punje ya ulezi, kina magamba, nikikifuta kinatoa damu, kinafunga, kinatoa tena. Tukasema ni baridi imenipasua. Mkanipaka mafuta ya mgando kila mmoja kwa zamu yake, na mikono yenu ilikuwa laini. Nilipofika hospitali kilishaingia sikioni na kwenye tezi za shingo. Daktari kijana yule aliinamisha kichwa, akasema, “Bibi, ungekuja kikiwa kidogo tungekikata, urudi ukapike.” Nimeyalilia maneno hayo kuliko maumivu yenyewe.

Nipeni maji. Kidogo tu, yanitoshe mdomoni.

Sasa mali. Bonde la vinyungu ni la Aroni, na Anjela usinune, wewe hujashika jembe tangu uhamie Mbeya, ukipewa bonde utalima nini, mabati? Shamba la chai kule juu ni lako, mkodishie ndugu yako kwa heri. Ng'ombe ni wa Pendo, ndiye aliyemkatia majani. Mianzi ya ulanzi iwe ya wote, ila mkilewa mkapigana nitawasikia hukohuko niliko.

Aroni, usiniitikie kwa kichwa, mimi sikuoni. Lile kovu la mguuni, ulipoungua motoni ukiwa mtoto, Pendo ameniambia limefumuka, nawe unalifunga kitambaa na kusema litapona likitaka. Kansa hii haituchagui sisi weupe peke yetu. Kidonda kwenye kovu la zamani, kidonda kisichopona mwezi ukapita, alama nyeusi inayokua kwenye unyayo au chini ya ukucha, mtu mweusi kama chungu naye inampata. Mkinizika tu, kesho yake uende hospitali ya Tosamaganga wakakuangalie. Usingoje arobaini yangu. Itika kwa mdomo. Haya.

Na ile miti ya misindano. Najua umeshaongea na watu wa mbao, na miti imekomaa kweli. Kata yote ya mlimani, jenga, somesha watoto. Lakini ile safu ya kando ya njia ya shule usiiguse, maana niliipanda siku Happy alipozaliwa, Pendo akaifunua khanga aliyomfunika na mimi nikaiona ngozi yangu juu ya mtoto mwingine. Mlidhani napanda mbao. Nilikuwa napanda kivuli, ili mjukuu wangu aende shule na kurudi jua lisimguse. Ukiikata, Aroni, utakuwa umeniua mara ya pili, na nalisema hili kwa uchungu, si kwa hasira.

Mafuta ya kukinga jua wanayompa kliniki, Pendo, unayatunza kabatini kama ya kwendea misa. Mpake kila siku, hata kukiwa na ukungu, masikioni, shingoni, mgongo wa mikono, na akicheza mpaka yakafutika, mpake tena. Na yasiwe kisingizio cha kumwacha juani. Avae mikono mirefu na sketi ndefu. Vinyungu asishuke kabisa, akisema mtu mtoto huyu ni mvivu, mjibu kwa niaba yangu, nawe unajua nilivyokuwa najibu. Anjela, kila muhula umpeleke wamkague ngozi yote, na punje yoyote itolewe ikiwa punje. Kofia yangu pana ni yake. Msinizike nayo, kaburini hakuna jua.

Sasa lile kubwa, na pumzi inaniishia. Nyumba ya jiko ni ya Happy, na lile benchi mlivunje, mlitie motoni. Mnajua kwa nini nilienda ukutani hata baada ya daktari kunikataza? Si baridi. Jikoni moto ulikuwepo. Ni kwa sababu ninyi wote mlikuwa kule nje, mnamenya njegere, mnacheka, mnanitania, na mimi nimekaa ndani na moto peke yangu, nasikia sauti zenu ukutani. Nikavumilia siku mbili tatu, nikatoka. Mtoto naye atatoka. Mtamkataza, mtamfokea, atatoka tu, kwa sababu hafuati joto, anafuata watu. Kwa hiyo hameni ninyi. Asubuhi ya baridi wote ingieni jikoni, muote moto naye, utani wote uhamie humo. Moshi mtauzoea. Wanangu, nawaomba, msimfanye achague kati ya ngozi yake na ninyi.

Nizikeni kando ya baba yenu. Mungu aliyenipa ninyi awafunike, awape usingizi, awape... subirini. Awape kupendana. Vitukuu vyangu viwe vya rangi yoyote atakayotaka, na kila kimoja kipokewe kwa vigelegele.

Nani huyo anaimba?

Nyamazeni. Hapo nyuma, ukutani. Pendo, ulisema amelala. Ni yeye. Mnamsikia? Amekaa benchini... anatungoja tutoke.

Aroni, nenda. Si wewe tu, nendeni nyote. Anjela, niachie mkono, mama, niachie. Mwingizeni jikoni, kokeni moto, kaeni naye. Mimi nitawasikia... ukuta ni huohuo.

Nendeni, jua limepanda.