Mteja wa Kumkomoa Jirani

Fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa amefumba macho tu ndani ya basi. Masikio yalikuwa kazini. Kiti cha mbele yake, mshonaji mwenye tepu ya kupimia shingoni alikuwa akimfungulia moyo muuguzi waliyejuana naye tangu kituo kilichopita.

"Dada yangu, yule binti alifungua duka mlango wa pili kutoka kwangu, wateja wote wakahamia kwake. Nikasema huyu nitamkomoa. Nikampelekea mwalimu mmoja mstaafu, mteja anayekufumulisha gauni mara nne kwa sababu ya kola. Nilijua wiki haiishi, atafunga."

"Akafunga?"

"Wapi! Alifumua mara tano, tena akicheka. Mwalimu kafurahi, kamletea majoho ya kwaya nzima, arobaini. Leo asubuhi binti kanipigia simu: 'Mama, umenifungulia riziki. Njoo tugawane, peke yangu siwezi.'"

Fundi vyuma akamkumbuka mteja msumbufu wa geti ambaye yeye mwenyewe alimsukumia fundi jirani yake juzi. Nusura afumbue macho.

"Mwambie ukweli kabla hujashika sindano," muuguzi alisema.

"Nimvunje moyo asubuhi yote hii? Nitamwambia tukimaliza."

"Atasikia kwa wengine."

Basi likasimama. Mshonaji akanyanyuka na mkoba wenye mkasi wake, uso umechanua kama anakwenda harusini. Mlangoni akageuka.

"Ila adhabu nimeshapata, mwenzangu. Unadhani nani anakagua kila joho kabla halijapokelewa?"