Cherehani Ameshinda

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Tuzo za Filamu, sisi washonaji kumi na mmoja wa chumba hiki tunakusalimu na kukupa pole ya ngazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Meza iliyo mbele yako ndiyo meza yetu ya kukatia, na kitambaa kilichoifunika mpaka sakafuni ni cha mteja, kwa hiyo soda tunaomba uishike mkononi. Ukisikia sauti yoyote tukiwa tunasoma, usishtuke wala usisogeze miguu. Tutaieleza tukifika.

Barua yenu ilisema, na sasa tumeona lori na wapagazi wanne pale chini: umekuja kumchukua mshindi. Ndiyo maana risala hii imeandikwa mara tatu na kuchanwa mara mbili.

HISTORIA FUPI

Humu tunashona sare za shule na mapazia. Cherehani namba nne, ile ya kukanyaga, imetumiwa na Shangazi kwa miaka ishirini na miwili. Si shangazi wa damu wa yeyote kati yetu, ila hakuna hapa ambaye hajakemewa naye kwa pindo lililopinda.

Mwaka jana wakaja watu wa filamu. Walitaka mwigizaji wao, mama mmoja mwenye kucha ndefu, akae kwenye cherehani hiyo na kushona huku akisoma barua ya mwanawe anayemuaga, anakwenda asirudi. Mama wa kucha hakujua kukanyaga. Kila akijaribu, uzi unakatika. Mwongozaji akamtazama Shangazi, akasema, "Wewe mama, ingia chini ya meza, usukume pedeli kwa mikono."

Shangazi akaingia, wakamfunika pazia. Barua ikasomwa mara kumi na saba, na hakuna aliyemwambia kwamba ni ya kubuni. Akajua mtoto wa mwenzake kapotea kweli, na watu badala ya kumpa pole wanampiga picha. Akalia jamani! Kwa kuogopa kuharibu kazi za watu akauma pazia, sauti ikatoka imebanwa: ngwii, ngwii. Mafundi sauti wakadhani ni cherehani.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, matokeo unayajua, maana uliyasoma wewe: Mwigizaji Msaidizi Bora ni Cherehani Namba Nne, "kwa kilio chake cha chuma kilichotutoa machozi." Tulisikia kwenye redio ya duka la chini, tukashangilia kabla ya kuelewa. Mama wa kucha alipokea kwa niaba, akaeleza kwamba mshindi hakuweza kufika kutokana na uzito. Mwandishi wa gazeti alikuja kumhoji mshindi, na siku ya pili tukasoma kwamba "alikaa kimya kwa unyenyekevu." Mwigizaji aliyeshindwa, mzee wa miaka thelathini kwenye fani, alituma kadi ya pongezi na ndani yake akaomba ushauri.

CHANGAMOTO

Tangu siku hiyo cherehani imezungushiwa kamba nyekundu. Barua yenu ilikataza asitiwe mafuta, asije akapoteza sauti. Shangazi amehamia kiti cha wateja, mikono mapajani, hii ni wiki ya tisa. Wateja wanaingia wanamuuliza kama naye anasubiri suruali.

Kubwa zaidi ni ngeli. Tunaye Mwalimu Vifungo, aliyefundisha Kiswahili mpaka akastaafu, na sasa anatushonea vifungo. Aliposoma barua yenu alitafuta pa kukaa. Mmeandika: "Cherehani ameshinda, naye atachukuliwa kwa heshima zote." Aya inayofuata mmeandika: "Kile kilichokuwa chini ya meza hakihitajiki tena, kiondolewe."

Kile! Mheshimiwa, kile ni Shangazi. Chuma kimepewa A ya watu, na mtu mzima na akili zake kapewa KI ya viti na vijiko. Tulikasirika, na hasira hiyo bado tunayo. Yeye mwenyewe alisema tu, "Mwacheni cherehani ale riziki yake. Mimi nani?" Maneno hayo yalituuma kuliko barua. Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza kwao, tena kwa magoti, na hata ahsante hakuambiwa.

Jana tuliruka kamba tukaikanyaga ile cherehani ili tuwe na uhakika. Inasema taka-taka-taka kama nyingine zote. Haijui kulia, haijawahi kulia.

MAOMBI

Hatuombi tuzo ibadilishwe, kwani sisi si watu wa vurugu. Tunaomba lori lirudi tupu, Shangazi arudi kwenye cherehani yake. Tunaomba katika majina yanayopita mwisho wa filamu, hata kwa herufi za kuchungulia, paandikwe: "Chini ya meza: Shangazi." Kamati ikiona ni lazima iondoke na kitu, pazia lipo na alama za meno bado zinaonekana.

Sasa ile sauti. Msaidizi wako ameitazama feni mara mbili, lakini feni yetu iliharibika zamani. Shangazi alipoambiwa unakuja alikataa katakata kukaa mbele ya wageni, akatafuta mahali pa kujificha alipopazoea. Risala yote hii ameisikia. Safari hii barua iliyosomwa ni ya kweli, ni yenu, na pazia la kuuma hana.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwalimu Vifungo amewasahihisha: mtaka *wa* mvunguni. Mgeni rasmi, kitambaa kinanyanyuka upande wako wa kulia. Tafadhali, inama.

Mungu akujalie kiuno chepesi. Ni sisi, Washonaji wa Ghorofa ya Pili: kumi mbele yako, na mmoja miguuni pako.